Mkono Ni Kamba

Kot Rehana
9 Novemba 1996

Kwako Baba Mdogo Ditta,

Assalamu alaikum. Sisi huku hatujambo, isipokuwa magoti ya Bibi, nawe unayajua. Mama anakusalimu. Dada Shamim anasema sweta aliyokufumia uivae mwenyewe, usimpe mfungwa mwenzako kama ulivyofanya mwaka jana. Ngano tumeshapanda. Nyati wetu wa maziwa amezaa dume, na Mama amenuna kana kwamba mnyama alifanya makusudi.

Bibi bado hali chumvi. Tangu siku Nawazish alipompasua Baba kwa shoka pale mferejini, kwa sababu ya zamu ya maji ya shamba ya muda wa saa moja tu, hajaitia ulimini, na ameapa hataionja mpaka damu ya Baba ilipwe. Kila tukikaa kula ananitazama mimi.

Nina swali. Nimeanza kuinua chuma. Nimeitoa ekseli ya ule mkokoteni wetu uliovunjika, nikatia jiwe la kinu kila upande, jumla kama kilo themanini. Ninaipakata kutoka chini hadi nisimame. Mara tatu nimeweza, lakini baada ya hapo sikuweza kuinama kufunga viatu siku mbili. Wewe ulikuwa bingwa wa kuinua chuma kwenye mela, tamasha letu la kila mwaka, mara tatu. Nakosea wapi?

Mwanao,
Khizar

—

Jela
14 Desemba 1996

Khizar mwanangu,

Waalaikumu salamu. Barua yako imenifikia ikiwa imefunguliwa, kama zote. Karani wa jela huzisoma kabla yangu, na safari hii ameniuliza nyati anaendeleaje. Mwambie Shamim sweta ninayo mwilini. Mwambie Mama dume naye huuzwa, aache kununa.

Mimi mzima. Wiki iliyopita jamaa mmoja wa ukoo wa Nawazish alinijia msalani na kijiko alichokinoa sakafuni mpaka kikawa kisu. Alinichana begani. Nilimpiga kwa ndoo ya bati mpaka taya likahamia upande wa pili wa uso. Sasa anakunywa uji kwa mrija, na mimi nimefungiwa peke yangu siku ishirini. Usimwambie Bibi, atafurahi.

Haya, chuma. Ulikuwa unabebewa ndoo na dada yako, leo umekuwa pahalwani, mtu wa miraba minne! Nacheka huku bega linauma.

Unakosea kila mahali. Neno "ninaipakata" peke yake limenitosha. Chuma hakipakatwi, si mtoto. Simama mpaka ekseli iwe juu ya katikati ya nyayo, karibu kugusa miundi. Nyonga zirudi nyuma, kama unayefunga mlango kwa makalio ukiwa umebeba vitu. Kifua mbele, mgongo unyooke kama ubao wa kukandia unga. Viganja vyote viwili vikutazame wewe. Usipake mafuta mikononi kama wanavyofanya wapiga mieleka wetu, wakashangaa chuma kinawateleza. Paka majivu.

Kisha usikivute kwa kushtukiza. Kwanza kaza mpaka ekseli ilie kidogo kwenye mawe. Halafu usifikirie kuinua. Fikiria kwamba unaisukuma ardhi kwa miguu. Ekseli ipande ikikukwaruza miguu njia nzima, ukiisogeza mbali hata kidole kimoja mgongo ndio utakaolipa. Na mkono ni kamba tu, Khizar. Kamba haivuti, kamba haikunji kiwiko. Kamba inashika.

Ukifika juu, simama. Halafu ishushe kwa njia ileile. Watoto huiachia ianguke ili isikike mtaa wa tatu.

Sasa mimi nina swali langu. Kwa nini chuma, na kwa nini sasa?

Baba yako mdogo,
Ditta

—

Kot Rehana
19 Januari 1997

Baba Mdogo mpendwa,

Ramadhani njema. Tunafunga vizuri, baridi inasaidia. Dume ameuzwa. Bibi anafunga pia ingawa daktari amemkataza, na futari yake ni dengu zisizo na chumvi.

Nimefanya kama ulivyosema. Wiki ya kwanza nilijiona mpumbavu, nimerudisha makalio nyuma uani na watoto wa jirani wamepanda ukutani wananizomea, "Khizar anataga!" Nimewatupia viatu. Sasa wamenyamaza, maana juzi nimeinua kilo mia na ishirini. Miundi yangu imechubuka yote, damu inaganda kwenye suruali na Shamim anaibandua kwa maji ya moto huku akinitukana. Lakini mgongo hauumi kabisa.

Umeuliza kwa nini. Kijana kuwa na nguvu ni vibaya?

Nataka kuingia mela ya mwezi wa sita. Mwaka jana ameshinda Nawazish tena, mara ya pili mfululizo. Siku hizi hatoki nje bila watu wanne wenye bunduki. Nisaidie mambo mawili. Kwanza, ni kweli kwamba bingwa wa mwaka jana huingia peke yake ndani ya kamba za uwanja, akamvika mshindi kilemba kwa mikono yake mwenyewe, kifua kwa kifua? Na wenye bunduki hubaki nje? Pili, mkanda wa kukaza tumbo, ule wa ngozi. Unaruhusiwa upana gani? Na langoni, wanapopekua watu, wanaufungua?

Mwanao,
Khizar

—

2 Machi 1997

Khizar,

Barua hii haipiti kwa karani. Anakuletea Yaqub, amemaliza miaka yake saba leo. Mpe chakula kizuri, ni mtu mwema ingawa alimuua shemeji yake.

Sina salamu ndefu. Mimi si mjinga na wewe si mwerevu. Unataka kushinda ili Nawazish aje mwenyewe kifuani pako, walinzi wake wakiwa nje ya kamba, na kisu kiwe ndani ya mkanda. Ndiyo sababu unachubua miguu. Karani amesoma maswali yako akadhani ni ya michezo. Mimi nimeyasoma nikakiona kisu.

Nitakuambia jambo ambalo sijamwambia hata Bibi. Bibi anajua nilimpiga risasi Mukhtar, mdogo wake Nawazish, kwa kumfananisha. Kulikuwa na ukungu wa asubuhi, naye alikuwa amejitanda shali la kaka yake kwa ajili ya baridi. Hiyo wote wanaijua, na hakimu ameiandika. Hawajui kwamba hakufa pale pale. Nilimpiga tumboni mara mbili kwa karibu, nikamgeuza nimtemee mate Nawazish usoni, nikaona kijana wa miaka ishirini na mmoja ambaye sijawahi kugombana naye. Utumbo ulikuwa umetoka, ameushika kwa mikono yote miwili kama mtu aliyebeba nguo za kufua. Hakunitukana. Aliniomba maji. Mfereji ulikuwa hatua sita. Nikamletea kwa kilemba changu, nikamkamulia mdomoni, akasema "Mungu akulipe," maana alikuwa hanioni tena. Alichukua muda mrefu kufa. Nilikaa naye.

Hicho ndicho kisasi, Khizar. Baba yako hakufufuka. Bibi hakula chumvi, akasema si yule. Na ukimchoma Nawazish ndani ya kamba, wale wanne watakutoboa kabla hajaanguka, halafu watoto wa Nawazish watakua wakimtafuta mtoto atakayezaliwa na Shamim.

Acha. Vunja hiyo ekseli. Nakuomba, na unajua mimi si mtu wa kuomba.

Ditta

—

Kot Rehana
16 Machi 1997

Baba Mdogo,

Assalamu alaikum. Tulichinja kuku kwa ajili ya mgeni, amelala siku mbili, akaondoka na sweta kuukuu ya Baba. Mama mzima, Shamim mzima.

Nimekusikia. Lakini ulisema Bibi alikuambia "si yule". Basi yule bado yupo. Anapita mbele ya mlango wetu kila Ijumaa kwenda kuswali, na anatusalimu! Mama anaitikia. Unajua ladha ya hilo mdomoni? Wewe ulipata nafasi yako ukaikosa, mimi unanikataza hata kujaribu.

Nitakwenda, unifundishe usinifundishe. Usiponifundisha nitavunjika mgongo tu, na hiyo itakuwa juu yako.

Khizar

—

Kot Rehana
20 Aprili 1997

Baba Mdogo mpendwa,

Mwezi umepita hujajibu. Tunavuna ngano, mikono yetu yote ina malengelenge. Bibi ameteleza akaanguka kando ya kisima, hakuvunjika, lakini sasa anatembea kwa fimbo mbili.

Nimekwama. Nimeinua mia na hamsini mwezi mzima, na haipandi. Kwenye mela uzito wa kwanza ni mia na sabini. Ekseli inafika magotini kisha vidole vinafunguka vyenyewe, hata nikipaka majivu. Sikukosea adabu barua iliyopita kwa kiburi, nilikosea kwa uchungu. Nisamehe. Sina ustadhi mwingine.

Mwanao,
Khizar

—

Jela
3 Mei 1997

Khizar mwanangu kipenzi,

Waalaikumu salamu na baraka zake. Barua zako zote nimezipata. Nilikuwa na homa, sasa imepoa. Mpe Bibi pole, mwambie awe anatuma mtu kisimani.

Nimefikiri sana siku hizi. Umekuwa mtu mzima, na mkaidi hafaidi mpaka siku ya Idi, basi ngoja Idi yako. Sitakuzuia tena. Uliloomba nakupa.

Unajua kila ustadhi hufundisha yote akabakiza siri moja, ya nyumbani kwake. Hii ni ya babu yako, alinipa mimi na baba yako tu. Vidole vinapofunguka ni kwa sababu viganja vyote vinatazama upande mmoja. Geuza mkono wa kulia, kiganja kitazame mbele. Wa kulia, si wa kushoto. Ekseli haitazunguka tena mikononi. Kisha ikifika magotini, hapo unapokwama, kunja kiwiko cha kulia na uivute kwa nguvu zako zote, kwa mshtuko mmoja, kama unayeng'oa mche. Nilikuambia mkono ni kamba. Hayo ni ya wanaoanza. Sasa umevuka hapo.

Ila nisikilize vizuri. Anza kuijaribu kesho, hapo hapo uani, na uzito wote uliouzoea. Jaribu kila siku. Usingoje mela. Nimesema usingoje.

Mama yako msalimu sana. Namuota mara kwa mara.

Baba yako mdogo anayekupenda,
Ditta

—

Kot Rehana
11 Mei 1997

Baba Mdogo,

Asante. Nilibusu barua yako nikaificha kwenye Kurani ya Baba.

Kuhusu kujaribu uani, haiwezekani. Watoto bado wanapanda ukutani, na kesho yake kijiji kizima kitajua siri ya Babu. Siri ya nyumba haichezewi mbele ya majirani. Nitaijaribu mara moja tu, siku yenyewe. Kiganja cha kulia mbele, kiwiko, mshtuko. Nimeikariri kama sura ya Kurani.

Usinijibu, hapatakuwa na muda. Unisamehe nilipokukosea.

Khizar

—

Jela
22 Mei 1997

KHIZAR. JARIBU NYUMBANI. Funga watoto chooni, jaribu usiku wa manane, jaribu ndani ya zizi, lakini jaribu nyumbani! Hii ni amri ya ustadhi wako. Mungu aifikishe barua hii upesi.

Ditta

—

Kot Rehana
15 Julai 1997

Baba Mdogo,

Salamu. Usishangae mwandiko huu, ni wa mkono wa kushoto, nimeuandika siku tatu. Bibi yupo, Mama yupo, Shamim amechumbiwa na fundi wa pampu wa kijiji cha pili. Barua yako ya tarehe ishirini na mbili ilifika siku tisa baada ya mela.

Nilipita langoni, hawakufungua mkanda. Tulikuwa tisa. Kwenye mia na sabini wakaanguka watano. Yaqub alikuwepo, akanipaka majivu. Nawazish alikuwa amekaa kwenye kitanda cha kamba ndani ya uwanja, kilemba cha mshindi kiko mapajani pake, ananitazama. Nikageuza kiganja cha kulia. Ekseli ikapanda mpaka magotini, mgongo umenyooka kama ulivyonifundisha, sijawahi kuinua vizuri hivyo. Nikakunja kiwiko, nikavuta.

Mlio ule uliusikia? Nahisi hata jela mliusikia. Ulikuwa kama shuka jipya linapochanwa na muuza nguo. Msuli ulikatika kiwikoni ukajikunja kuelekea begani, ukakaa huko kama panya chini ya ngozi. Ekseli ilinivunja vidole viwili vya mguu. Nililia kama mbuzi, sitaki kudanganya.

Kwa desturi bingwa ndiye anayemwinua aliyeanguka vumbini. Nawazish akaja mbio. Akaona sipumui vizuri, akanifungua mkanda, kisu kikaanguka kati yetu.

Alikitazama. Mimi nikakitazama. Wale wanne wakaruka kamba. Wa kwanza alinipiga kitako cha bunduki mdomoni, meno manne yametoka. Wa pili alinikanyaga ule ule mkono. Mbavu sijui nani. Nikasikia mmoja anamwuliza Nawazish, "Chaudhry, bwana mkubwa, tummalize?" Nilitaka waseme ndiyo, maumivu yalikuwa makubwa mno.

Nawazish akapiga kelele, "Rudini nje! Nani amewaita?" Akachukua kisu, akapiga goti kifuani pangu. Nikasoma shahada. Akakiinua kilemba cha mshindi, akakichana kwa kisu changu vipande viwili, akanifunga mkono shingoni kwa kimoja na kunifuta damu kwa cha pili. Si kwa upole. Alikaza mpaka nikazimia nusu. Akaniinamia sikioni: "Mukhtar alikuwa na miaka ishirini na mmoja. Wewe una mingapi?"

Nikasema ishirini.

"Basi huyu mzee wenu wa jela angekuwa na vijana wawili shingoni mwake," akasema, akaondoka.

Kesho yake mtumishi wake alileta kisu kimefungwa kwenye kitambaa, pamoja na kilo moja ya chumvi kwa ajili ya Bibi. Hatujui kama ni tusi au sulhu. Bibi alikitia kisu sandukuni, chumvi akaimwagia nyati kwenye hori. Haongei na mimi.

Sasa hili. Daktari mjini, alipokuwa ananishona, aliniuliza niliishikaje ekseli. Nikamwonyesha. Akasema, "Kila mtu anayebeba vyuma anajua kwamba kiganja kikiwa mbele na kiwiko kikikunjwa, msuli huo hukatika. Ni mpumbavu gani alikufundisha?" Nikamwambia ni Baba yangu Mdogo, bingwa mara tatu, na si mpumbavu.

Kwa hiyo niambie. Ulisahau? Au nini?

Khizar

—

Jela
30 Agosti 1997

Khizar,

Sikusahau.

Babu yako hakuwa na siri yoyote. Niliitunga hapa, nikiwa nimelala kwenye saruji, kwa siku kumi na nne. Nilichagua mkono wa kulia kwa sababu ndio ungeshika kisu. Nilijua ni msuli gani, nilijua mlio wake, niliwahi kumwona mtu wa Sialkot ukimkatika. Nilikuvunja kwa makusudi, mwanangu, kwa kalamu, kutoka mbali. Nilitaka ukatike uani, Mama akukimbize kwa daktari, mela ipite ukiwa na mkono uliofungwa shingoni. Nilisahau jambo moja tu, kwamba ungeiheshimu siri yangu kiasi cha kutoigusa. Heshima yako ilikupeleka mpaka ndani ya kamba, na uongo wangu ukakuangusha miguuni pake ukiwa na kisu. Angekuchinja, ningekuwa nimekuua mimi. Siku zile zote kabla ya habari kufika, karani alinikuta napiga kichwa ukutani. Alinishika yeye mwenyewe.

Sikuombi msamaha. Ningeambiwa nirudie, ningerudia. Mwili wa mtu aliyekuomba maji haukutoki machoni, na sikutaka wewe uwe nao. Ukitaka kuniua, mimi niko hapa hapa, sihami. Ila uwe hai ndipo uje uniue.

Sasa soma na haya, maana siwezi kukuacha na uongo. Msuli ukishikana, anza na ekseli tupu. Viganja vyote viwili vikutazame wewe. Vidole vikifunguka, shusha, pumzika, nguvu ya vidole huja kwa miezi, haina njia ya mkato. Mkono ni kamba. Hilo lilikuwa kweli tangu siku ya kwanza, nililisema kabla sijajua unataka nini. Na kushusha nako ni kazi, usiache kitu kikaanguka tu.

Ditta

—

Jela
10 Oktoba 1997

Khizar,

Sijapata jibu. Karani anasema posta ni mbovu. Ni mtu mwema, hajui kudanganya.

Ditta

—

Jela
19 Novemba 1997

Khizar,

Andika hata tusi.

—

Kot Rehana
28 Desemba 1997

Baba Mdogo,

Assalamu alaikum. Mama mzima. Shamim ataolewa baada ya Idi. Nyati amezaa jike safari hii, Mama anacheka mwenyewe. Nawazish bado anapita Ijumaa, na bado anasalimu. Mimi siitikii, lakini siku hizi simtazami shingo.

Juzi Bibi alionja dengu akasema hazina ladha. Jana akasema tena.

Nilikuchukia miezi mitatu, kila nilipotaka kufunga kifungo cha shati. Sitakuambia imekwisha.

Mkono umeshikana. Leo asubuhi nimeinua kilo sitini uani, watoto wote ukutani. Viganja vyote viwili vimenitazama mimi, viwiko vimenyooka. Nikaishusha polepole, haikusikika hata kwa jirani.

Mwanao,
Khizar